Pole Aliyoikosa Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kliniki moja ya saikolojia ya Woolwich, huku kwa Waingereza, mkuu wa kitengo alinikalisha kabla sijavua koti. "Wazazi watakuletea vijana wao wakitaka uwanyooshe," alisema. "Kumpenda mtu wa jinsia yako si ugonjwa, Asha. Usije ukatibu kisichougua." Nilikuwa nimetoka Unguja na aibu zangu zote, nikaitikia tu kwa adabu. Kumwelewa kulinichukua miaka.

Wakati wa mjadala wa sheria ya kuruhusu ndoa za jinsia moja, sisi wanasaikolojia tuliwaandikia wabunge maelezo ya kitaalamu, yaani ushahidi wa tunayoyaona kazini: kwamba kinachowaumiza watu hawa ni kufichwa na kunyimwa haki. Mkurugenzi wetu, mama mkali, hakuacha kunirudishia rasimu. "Punguza huruma, weka ushahidi," alisema. Sheria ilipopita alilia mbele yetu sote. Mimi nikadhani kazi imekwisha. Ujinga ulioje!

Mwaka wangu wa mwisho kazini walikuja Rukia na Zuhura, mabinti wa Kipemba wa Ilford, wakiwa wameshafunga ndoa ya serikali. Mama yake Zuhura alimpenda Rukia, akimpikia na kumwombea dua, lakini mbele za watu alimwita mwenzake Zuhura wa kazini. Rukia alitaka kitu kimoja tu, atambuliwe kuwa mke. Tulikuwa bado tunalizungumza hilo Zuhura alipofariki ghafla.

Nilikwenda matangani kama Mzanzibari yeyote. Wanawake walikaa chini kumzunguka mama, kila aingiaye akimpa pole. Rukia alikuwa jikoni, anaosha vikombe. Kanuni yetu ya kutunza siri za wateja inasema mteja ukimkuta nje humsemeshi mpaka aanze yeye. Akapita na sinia, akanipa kahawa bila kuniangalia.

"Huyu binti kajitolea kwelikweli," alisema bibi aliyekaa kando yangu. "Ni nani wao?"

"Mwenzake marehemu wa kazini," akajibiwa.

Nikaiweka kahawa ile chini.

Sasa nimestaafu. Nyinyi mnaoanza kazi hii mtasoma kwamba haki ilipatikana, na ni kweli, nami najivunia. Ila siku ile ya matanga inaniuma mpaka leo.

Baada ya matanga Rukia alikuja kliniki. Nikafunga mlango, nikamwambia, "Pole, Rukia, kwa kufiwa na mkeo."

"Rudia, Bi Asha," alisema. "Hapana mtu aliyenambia. Please, rudia."

Nikarudia mpaka saa yake ya ushauri ikaisha.