Kuku wa Wageni na Faida ya Msimu wa Kwanza

Mwanangu Skola, kuna siku moja ambayo kila nikiikumbuka napandwa na hasira upya, na nimeamua kukuandikia hasira ikiwa bado ya moto, maana ikipoa nitaanza kuipamba. Sina mvi. Nina miaka ishirini na saba, nimesoma hadi kidato cha nne, na maneno ya namna hii kwa kawaida hutoka kwa watu wanaotembea na mkongojo. Lakini wazee wangu hawaandiki. Wewe nawe una miaka mitatu, hujui hata herufi moja. Basi acha niandike mimi, utayakuta. Na ninyi vijana mnaofungua vikampuni siku hizi, someni, hamkatazwi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mtaa wa Majengo hapa mjini, katika chumba kimoja tulichokipanga tukakiita ofisi. Ulikuwa na miezi minne, umelala mgongoni. Mimi nilikuwa nafunga hesabu za msimu wetu wa kwanza, na baba yako alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananiangalia mkono kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

"Mama Skola, niambie tu kama tumekufa."

"Hatujafa," nikamwambia. "Tumepata."

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Lazima ujue kwa nini. Baba yako alikuwa amepunguzwa kazi katika shirika la umma bila kosa lolote. Ilikuwa miaka hii ya ruksa, mashirika yanafungwa, mitumba imejaa sokoni, kila mtu anaambiwa ajitegemee. Miezi mitano mizima aliamka asubuhi, akanyoa ndevu, akavaa shati la kazini, akakaa sebuleni. Mwanaume mzima. Nilikuwa nafagia kumzunguka. Kiinua mgongo chake hakikutosha kujenga, kikatosha kununua Land Rover kuukuu ya mradi mmoja uliokuwa unafungasha virago, na gari lile likamrudishia sauti yake. Tukakata leseni ya kutembeza wageni. Kwa hiyo niliposema tumepata, hakusikia habari za fedha tu. Alisikia kwamba bado anafaa.

Papo hapo akanikumbusha: kuna mtu mtaa wa Msamala anauza basi dogo, na alikuwa amemwahidi malipo ya kwanza Jumatatu. Gari la pili. Nami nikaafiki, maana hesabu zilikuwa mbele yangu, nimezipiga mwenyewe kwa kanuni nilizofundishwa kidato cha tatu, na zilikuwa zimekaa sawa.

Sasa sikiliza hesabu zenyewe zilivyokuwa.

Wageni wetu walikuwa wazungu, ndugu na marafiki wa walimu na madaktari wa kujitolea waliokuwa mkoani. Kiangazi wanakuja kuwatembelea, wanakaa siku mbili, wanaanza kuuliza kuna nini cha kuona. Tuliwapandisha Umatengo kuona ngoro, yale mashamba ya mashimo yanayopangwa mlimani ili mvua isibebe udongo. Walipiga picha hadi filamu zikawaishia. Huko juu hakukuwa na nyumba ya kulala wageni, lakini alikuwepo Shangazi Otilia, dada wa baba yangu, aliyeolewa huko kabla mimi sijazaliwa.

"Shangazi, nakuletea wageni," nilimwambia mara ya kwanza.

Nikaishia hapo. Sikusema uongo. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kule ndiko ninakokuandikia leo.

Shangazi akawapokea kama watu wanavyopokea wageni wa mtoto wao. Alihama chumba chake. Majirani wakahama vya kwao, wakabanana na watoto wao. Mmoja analeta maharage, mwingine ndizi, wanawake wanapanda na ndoo za maji kutoka bondeni kwa sababu wageni wanaoga mara mbili kwa siku. Na asubuhi ya kuondoka, kila mgeni anasindikizwa hadi kwenye gari na kupewa kuku mzima aliyefungwa miguu, kwa mikono miwili. Wazungu wale walikuwa wanalia machozi. Lakini mtu anayepanda ndege atafanya nini na kuku? Tukifika mjini wanatuachia: chukueni ninyi. Nami nikawa nawapeleka kwa mwuza kuku sokoni hapo Majengo.

Katika daftari niliandika mafuta, vipuri, leseni, matairi. Niliandika sukari kilo mbili na sabuni za Shangazi, nikajiona mtu mwema sana. Mbele ya "chakula na malazi" nikachora kistari. Na upande wa mapato, chini kabisa, nikaandika: "mengineyo, kuku."

Nikapiga mstari chini yake, nikajumlisha.

Basi tukiwa katika furaha ile, mlango ukasukumwa. Alikuwa Shangazi Otilia mwenyewe, ametelemka na lori la wanunuzi wa kahawa ili aje akuone wewe. Kichwani beseni la unga, na kwapani kuku jike wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, miguu imefungwa kwa kipande cha kitenge.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Naomba nikae kwanza."

Alikaa, akamweka kuku mezani, juu kabisa ya daftari langu. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekuwa amekasirika.

"Nimemkuta sokoni," alisema. "Nimemlea mwenyewe, namjua hata ukucha wake uliopinda, na kitenge hiki ni changu. Nikamuuliza mwuzaji, akasema analetewa kutoka kampuni ya wageni, kila safari. Nimemnunua." Akamtazama kuku, akanitazama mimi. "Yule mama wa miwani niliyempa hakumpenda? Alisema nini? Kama kuna jambo tulilowakosea, niambie, tusilirudie kwa hawa wa Alhamisi."

Maana lilikuwa limebaki kundi moja la mwisho, ambalo bado sikulitia hesabuni, siku ya Alhamisi.

Mwanangu, ningeweza kusema kweli hapo. Badala yake nikakimbilia kumtuliza, na katika kumtuliza nikajianika mwenyewe.

"Hapana, Shangazi, walifurahi sana. Ni kwamba ndege hairuhusu. Wewe usijisikie vibaya, kwanza wale wamelipia kila kitu."

"Wamelipia nini?"

Nikajifanya nakuweka vizuri mgongoni.

"Imelda. Wamelipia nini?"

"Kulala," nikasema. "Na chakula."

"Wamemlipa nani?"

Baba yako akaanza kutazama dirishani kana kwamba kuna mtu anamwita. Shangazi akaomba aambiwe ni kiasi gani. Nikamwambia: mgeni mmoja, siku moja, ni bei ya gunia la mahindi. Akarudia taratibu, "Gunia," akainua kuku wake kutoka kwenye daftari, akamweka chini sakafuni.

"Mimi nimewaambia watu ni wageni wa mtoto wetu," alisema. "Mama Kosmasi ametoa maharage ya mbegu. Unajua mbegu ni nini, au mjini mmesahau? Sasa siku watakaposikia kwamba wazungu walikuwa wanalipa gunia, watasema nani amekula? Watasema Imelda? Imelda hawamwoni. Watasema Otilia. Nimekaa pale miaka thelathini sijaitwa mwizi."

Hapo baba yako akafanya kosa la pili. Akachomoa noti mfukoni, akazikunja vizuri, akampa kwa adabu zote.

"Shangazi, pokea hizi, tusamehe."

"Rudisha mfukoni, baba. Nikizipokea, ndipo nitakuwa nimekula kweli."

Alichotaka kilikuwa kimoja tu. Twende sisi wenyewe, kabla ya Alhamisi, tukasimame uani kwake mbele ya watu waliotoa vitanda na chakula, tuseme kwa midomo yetu. Tusipokuja, mlango wake usihesabiwe tena, wala wa wageni wala wangu.

"Wala wako, Imelda," alisema, akikutoa wewe mgongoni kwangu na kukupakata. "Huyu mtoto nitakuja kumwona huku huku."

Nikafungua daftari tena. Nilimwuliza, naye akajibu akiwa anakubembeleza: kuni mizigo mingapi, maji safari ngapi, vitanda vingapi, kuku wangapi waliochinjwa na wangapi waliofungwa miguu. Kistari changu kikajaa tarakimu hadi pembezoni mwa ukurasa. Nilipojumlisha upya, faida ya msimu wa kwanza ilibaki bei ya tairi moja. Tena la mtumba.

Baba yako alisoma kwa juu ya bega langu.

"Tukianza kulipa kila sahani na kila ndoo, Mama Skola, kampuni inakufa."

"Ilikuwa hai lini?" nikamwuliza. "Nionyeshe siku moja ilipokula jasho lake."

"Usinikaripie mbele ya Shangazi."

"Nakukaripia na kujikaripia. Kalamu niliishika mimi."

Akachukua kofia, akatoka. Jumatatu aliondoka kwenda Msamala, nami sikujua anakwenda kulipa au kukataa. Alirudi saa sita. Akaweka bahasha mezani, ikiwa nzima, akasema mwenye basi amemtukana mpaka majirani wametoka nje kusikiliza. Kisha akaniuliza tuondoke saa ngapi kesho. Ndiyo maana, mwanangu, pamoja na yote haya, ukiniona namkaripia baba yako usidhani simheshimu.

Jumanne tulisimama uani kwa Shangazi. Watu kama ishirini, wamekaa kwenye magogo na mikeka, na Shangazi amekaa kando, mikono mapajani, hatutazami. Nilisoma daftari lote kwa sauti, na kile kistari nikakitaja. Nilipomaliza nikalifunga daftari.

Mzee mmoja akaanza yeye. "Kumbe nyumba yangu ni hoteli na mimi sikuambiwa. Ningeweka pazia."

"Mimi nililala zizini na mbuzi," mwingine akasema. "Na mbuzi wangu naye anadai."

Walicheka, na mimi nikataka kucheka, lakini Mama Kosmasi alikuwa hacheki. Alinyanyuka akaja hadi karibu yangu.

"Yule binti wa kizungu aliyeumwa tumbo nilimkanda kwa maji ya moto usiku kucha," alisema. "Nilimwita mwanangu. Hilo nalo umeliandika wapi?"

Nikalifungua daftari tena; hapakuwa na mahali pake, na hapapo hadi leo.

Baba yako ndiye aliyesema. Alivua kofia, akasema yeye alipotolewa kazini alilia kwamba watu wamemtumia miaka kumi kisha hawakumhesabu, na tazama, amekuja kufanya yale yale kwa watu waliompa kitanda. Alisema hivyo tu. Kisha akatoa bahasha, tukalipa mmoja mmoja kwa jina. Wapo waliopokea wakahesabu mbele yetu, na wapo waliopokea bila kutazama. Mama Kosmasi alipokea ya maharage. Ya kukesha alikataa.

Walikaa wakapanga bei. Kitanda bei yake, sahani bei yake, ndoo ya maji bei yake. Shangazi ndiye aliyesimamia, na jina lake lilibaki safi, hilo nashukuru. Kundi la Alhamisi lilipokelewa, likalala vizuri, likala vizuri, likalipa. Asubuhi wakapanda gari, hakuna aliyewasindikiza. Watu walikuwa mashambani. Mzungu mmoja aliyekuwa amesimuliwa habari za kuku na mwenzake wa kundi la awali aliniuliza kama kuna sherehe ya kuaga. Nikamwambia hapana.

Kampuni ipo. Msimu wa pili ulileta faida ndogo, ya kweli, na wa tatu ukazidi kidogo. Gari ni lile lile moja, linakoroma kila mlima. Marafiki wa baba yako wanamcheka kwamba ameoa mkaguzi. Wapo wanaonishauri hadi leo, eti ndugu ni mtaji wa bure, watumie mpaka msimame ndipo muwakumbuke. Hao ndio wanaonipandisha hasira. Nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa na cheti.

Sasa nikuambie nililokusudia. Utakapokuwa na kazi yako, na siku moja uone imekupa ziada, usishangilie kwanza. Uliza nani alilala chini ili ziada hiyo ipatikane. Uliza nani alibeba maji. Ukikuta mahali palipoandikwa bure, nenda hapo kwa miguu yako ukamwangalie aliyetoa. Kama ni zawadi, ipokee kama zawadi na usiiuze. Kama ni kazi, ilipe kabla hajakuomba. Na ukimpeleka mtu kwa watu wako, waambie mapema amekuja kama nani, maana moyo wanaomfungulia mgeni sio ule wanaompimia mteja, na ukishawachanganya huwezi kuwarudisha walivyokuwa. Mimi nimelipa kila kitu kilichokuwa na bei. Kile kingine bado nadaiwa.

Mungu akupe kazi, Skola, na akupe macho ya kuwaona walio nyuma ya kazi hiyo. Akupe ulimi usionyamaza pale ambapo kunyamaza kunakufaa wewe peke yako. Ukikosea, na utakosea, akupe miguu ya kurudi mchana kweupe kwa uliowakosea, na uwakute wangali hai. Amina.