Mama Yake Alikuwa Wapi?

Nilipokuwa kidato cha nne, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tulisoma tamthilia ya Kiingereza cha zamani juu ya msichana aliyempenda kijana wa ukoo uliokosana na ukoo wake. Walioana kwa siri, mambo yakaharibika, na mwishowe msichana akajiua kando ya maiti ya mumewe. Mwalimu wetu, mwanamke kijana aliyetoka chuo kikuu mwaka uleule, alitusomea kifo hicho kwa sauti. Wenzangu wengi walilia. Mimi nilitazama vumbi la chaki kwenye mkono wa sweta yake nikangoja kengele ya chakula.

Alituachia swali la kufanya likizoni: je, msichana yule alikuwa jasiri, au alikuwa na pupa? Tujibu kwa mifano.

Likizo hiyo sikukaa nyumbani Kiogoro. Mama alinituma Ikonge kumsaidia dada yangu mkubwa, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Kabla ya kuolewa huko alikuwa na mchumba wake, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nyamira, kijana mpole aliyekuwa akimwandikia barua. Kijana huyo alikuwa Mkatoliki, na sisi ni Wasabato. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Siku kijana alipoleta wazee wake, baba aliwakaribisha vizuri, akawapa chakula, kisha akawaambia kwamba binti yake hataolewa na mtu anayelima Jumamosi, siku ya Sabato. Walimaliza kula, wakashukuru, wakaondoka. Dada alikuwa jikoni, akasikia kila neno. Aliosha vyombo, akavipanga. Asubuhi alikwenda kuchuma maua ya pareto kama kawaida.

Miezi michache baadaye Msabato mmoja mwenye shamba la majani chai alikuja kuposa. Dada alipoulizwa, akasema ni sawa. Siku ya harusi mimi ndiye niliyemshikia shela. Sikumbuki kuhuzunika. Nakumbuka viatu vilinibana.

Kule Ikonge nilimbeba mtoto mgongoni huku dada akichuma majani. Siku moja aliniuliza tunasoma nini shuleni siku hizi. Nikamsimulia tamthilia nzima kwa Kigusii, na kwa Kigusii ilikuwa fupi mno. Alisikiliza bila kusimamisha mikono. Nilipomaliza aliuliza msichana alikuwa na umri gani. Nikamwambia hakuwa amefikisha hata miaka kumi na minne.

"Na mama yake alikuwa wapi?"

Nilimweleza kwamba mama alikuwepo. Baba alipotaka kumwoza msichana kwa mtu mwingine, msichana alimwomba mama yake msaada, naye akamgeuzia mgongo na kutoka chumbani.

Dada alijaza viganja, akatupa majani kikapuni nyuma ya bega.

"Mimi mama aliniletea uji," alisema. "Jioni ile wazee walipoondoka. Akaketi kitandani mpaka nikaumaliza, akachukua kikombe, akaenda. Hakusema kitu."

Nilimuuliza alitaka mama aseme nini.

"Chochote. Hata kunigombeza."

Kisha akasema jua linapanda na majani yatanyauka kabla hayajafika kituo cha kupimia, tuharakishe. Hatukuyazungumza tena, siku hiyo wala nyingine.

Nilirudi shuleni nikaandika insha. Nilisema msichana hakuwa jasiri wala hakuwa na pupa. Aliachwa peke yake chumbani, na mtu aliyeachwa peke yake hufanya lile linalomjia kwanza. Kurasa mbili zilikuwa juu ya mama tu. Mwalimu alinipa alama za chini na kuandika kwa wino mwekundu kwamba nimetoka nje ya swali. Baadaye aliniita akataka kujua nani alinipa wazo hilo la mama. Nilisema nililifikiria mwenyewe.

"Si wazo baya," alisema. "Lakini watahini hawataliuliza."

Nikasema ndiyo, mwalimu.

Katika mtihani wa mwisho wa mwaka swali lilikuja karibu vilevile. Niliandika juu ya pupa, nikatoa mifano, nikapita vizuri.

Dada alizaa watoto wengine watano. Mumewe hakunywa pombe wala hakumpiga, na baba alipenda kuwaambia watu kanisani kwamba binti yake ameolewa mahali pazuri. Watu waliponiuliza mimi, nilisema hivyohivyo. Yule mwalimu wa Nyamira nilimwona mara moja tu, nje ya duka moja mjini Kisii, akiwa na mke wake. Alinisalimia, akauliza habari za nyumbani. Nikamjibu kwamba wote hawajambo. Akasema vizuri, wakavuka barabara.