Nilijaza mwaka wa kifo cha babu kwenye programu ya ukoo, baba mdogo akakosa baba

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Hii sikuambiwa na rafiki ya rafiki. Ilinipata mimi mwenyewe, na ushahidi bado uko kwenye laptop yangu. Mkitaka kunicheka mnaruhusiwa, lakini mngoje nimalize.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, mtu wa Bungoma niliyeolewa Nyeri. Nafundisha Karatina, na nyumbani kwa mume wangu ni Gakindu, kule Mukurweini kwenye kahawa. Nimekaa huku hadi ndugu zangu wananiambia Kiswahili changu kimekuwa cha mlimani. Waache waseme.

Kabla sijaendelea, jueni kitu kimoja kunihusu. Siwezi kuvumilia nafasi tupu. Mwanafunzi akiruka swali, kalamu yangu nyekundu imeshafika hapo. Hilo mlikumbuke, maana ndilo lililoniponza.

Sasa tuingie kwenye stori.

Baba mkwe alipostaafu alinunua kompyuta, akaanza kuandika ukoo wote wa baba yake, Mzee Gichuki, kwenye programu fulani ya family tree ya zamani. Aliandika kwa vidole viwili. Alikuwa anapigia watu simu kuuliza mtoto wa fulani alizaliwa lini na aliitwa kwa jina la nani. Mimi nilimpenda sana yule mzee, kwa sababu nilipoolewa jina langu aliliingiza siku hiyo hiyo, kabla hata hatujala.

Alipofariki, kompyuta ilibaki sebuleni kwa mama mkwe, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Hakuna aliyetaka kuigusa.

Nikaigusa mimi.

Sababu ni kwamba familia ilikuwa inapanga get-together ya Desemba, na tulitaka bango kubwa lenye ukoo mzima. Ile kompyuta ukiiwasha inanguruma kama posho mill, ile mashine ya kusaga mahindi, na programu yenyewe haielewani na printer yoyote ya siku hizi. Nikasema basi, nahamisha kila kitu kwenye programu mpya.

Kwa wale watakaojaribu: usilazimishe programu mpya kufungua faili ya zamani moja kwa moja. Fungua kwenye programu ya zamani, toa nakala ya GEDCOM, halafu hiyo ndiyo unaingiza kwenye mpya. GEDCOM ni aina ya faili ambayo karibu programu zote za ukoo zinaisoma.

Jaribio la kwanza, kila ũ na ĩ ikawa alama ya kuuliza. Wanjirũ akawa Wanjir?, Mũkami akawa M?kami. Ukoo mzima ukawa kama unaulizwa mmoja mmoja wewe ni nani. Dawa yake ni kuiambia programu mpya faili iliandikwa kwa mfumo gani wa herufi. Nilibadilisha mfumo mmoja baada ya mwingine mpaka majina yakarudi.

Halafu programu ikaniuliza kama kijana wangu Ndirangu na marehemu baba mkwe, Mzee Ndirangu, ni mtu mmoja, iwaunganishe.

Wale ambao si wa mlimani, huku kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kwa hivyo majina yanazunguka tu, na programu za wazungu zinaona kila mtu ni nakala ya mwingine.

Nilimwambia mama mkwe, akacheka mpaka akashika mbavu. "Si hata mimi huyo kijana humwita bwanangu? Hiyo mashini iko na akili."

Mpaka hapo mambo yalikuwa matamu.

Ndipo nikaona nafasi tupu. Mzee Gichuki, mwenye ukoo, baba wa baba mkwe wangu, hakuwa na tarehe ya kifo. Mwaka wa kuzaliwa upo, mahali pa kuzaliwa papo, wake zake watatu wapo na watoto wao. Kwenye mwaka wa kifo hapana kitu.

Nikajiambia mzee alisahau, uzee tu. Kaburi la Gichuki liko pale pale nyumbani, mwisho wa kahawa, na msalaba wake wa saruji una maandishi. Nikatembea nikausoma, nikarudi nikajaza. Nilijisikia vizuri sana, kama mtu aliyemfanyia marehemu kazi aliyoiacha.

Programu ikajikagua, ikaleta orodha ndefu ya maonyo kwa Kiingereza kidogo kidogo cha kuumiza macho. Chini yake kulikuwa na kitufe: Fix all.

Wakuu, mimi nikabonyeza.

Bango lilichapishwa Karatina. Lilitoka zuri hata mwenye duka akalipiga picha. Tukalitundika ukutani Gakindu siku ya mkutano wa kupanga sherehe, na nikaanza kumimina chai nikingoja sifa zangu.

Sasa niwajulishe Baba Mdogo. Naye anaitwa Ndirangu kama baba mkwe, lakini sisi tunamwita Baba Mdogo tu. Anaishi Chaka na kondoo wake. Ndiye mtoto wa Gichuki pekee aliyebaki hai, kwa hivyo ndiye angefungua sherehe kwa maombi. Mtu mpole, wa maneno machache, na akija hakosi kukuletea viazi.

Alivaa miwani, akasimama mbele ya bango. Akafuata mistari kwa kidole, kutoka juu kushuka chini. Akarudi juu tena. Mimi niko na birika nyuma yake.

"Mwalimu," akaniita. "Hii neno 'unrelated' ni kusema nini?"

Nikajibu bila kugeuka, vile tu ningejibu darasani. "Ni mtu ambaye si wa ukoo, Baba."

Nikaweka birika chini. Nikageuka.

Kidole chake kilikuwa kwenye kona ya chini ya bango. Hapo kulikuwa na kisanduku kidogo, na ndani yake jina lake, la mama yake Muthoni, la mkewe, la watoto wake wote na wajukuu. Hakuna mstari hata mmoja uliowafikia.

"Sawa," akasema.

Akatoa miwani, akachukua kofia yake, akatoka. Chai yake aliiacha. Mume wangu alimfuata mpaka kwenye lango, akarudi peke yake.

Niliona aibu ya kunitoa jasho. Nilipiga simu, hakushika. Siku iliyofuata alimtumia mume wangu ujumbe: nyinyi watu wa ukoo mkutane tu salama, sisi tutawaombea tukiwa huku.

Ukisoma hivi unaweza kudhani ni mzee amekasirika tu. Mimi pia nilidhani hivyo. Ni mama mkwe aliyenikalisha chini jikoni akanieleza.

"Muthoni hakuolewa na Gichuki," akasema. "Gichuki alikuwa amekufa. Muthoni aliolewa na Wangari."

Wangari ni mke wa kwanza wa Gichuki. Hakujaliwa mtoto. Na zamani huku, mama wa namna hiyo akibaki mjane, alikuwa anaweza kuoa msichana ili nyumba ya bwana yake isifungwe. Anapeleka mbuzi na kila kitu, watu wanakula, na mtoto anayezaliwa ni wa yule marehemu. Baba mwingine hatafutwi.

"Ati kuna mtu angeuliza nani alimzaa? Hakuna," mama mkwe akasema. "Mtoto ni ya Gichuki. Ndiyo maana anaitwa Ndirangu kama bwanangu. Baba ya Gichuki ndiye alikuwa Ndirangu. Jina kama hiyo huwezi patia mtoto ya nje."

Lakini shuleni wenzake walimsumbua Baba Mdogo. Walimwita mtoto wa kaburi. Baba mkwe, ambaye alikuwa amemtangulia darasa kadhaa, alipigana kwa ajili yake mara nyingi hadi mwalimu akachoka kumchapa.

Nikamwambia mama mkwe kwamba kosa lilianzia kwa ile nafasi tupu. Programu iliona baba amekufa, halafu miaka inapita, halafu Muthoni anaandikwa mke wake na mtoto anazaliwa. Ikaona haiwezekani. Nilipobonyeza kile kitufe, ikamkata yeye na mama yake.

Mama mkwe akaniangalia.

"Wewe umeandika mwaka ya kufa?"

"Ilikuwa tupu, Mami. Nilidhani Baba alisahau."

"Asahau? Si yeye alikuwa amesimama hapo wakimzika!" Akapangusa mikono kwa leso. "Aliandika hiyo mwaka, mashini ikakataa. Akaniambia, 'Nikiiacha hapa, hii kitu itanyang'anya ndugu yangu baba.' Akaifuta. Na hakuiandika tena."

Wakuu, nililia pale jikoni, na sioni haya kusema. Yule mzee, na vidole vyake viwili, alimwacha baba yake hai kwenye kompyuta miaka yote ile ili ndugu yake asibaki bila baba. Na mimi na kalamu yangu nyekundu nikaja nikamsahihisha.

Niliwasha ile posho mill tena. Kumbe jambo moja la busara nililofanya ni kutogusa faili ya zamani. Nikaitoa upya, nikaiingiza upya, na maonyo nikayasoma moja moja.

Mume wangu akashauri tuweke mwaka wa kifo, maana ni ukweli, halafu tuiambie programu ipuuze lile onyo. Inawezekana, nilijaribu. Lakini programu mpya inaweka alama nyekundu kando ya jina la Baba Mdogo kila mahali, na watoto wake pia. Niliitazama ile alama, nikaona haiwezi kukaa hapo. Nimeweka alama nyekundu za kutosha maishani.

Nikafuta mwaka.

Basi programu ikaamua Mzee Gichuki ni mtu hai, ikaficha jina lake na kuandika "Living" kwa ajili ya usiri wake. Kuna mahali kwenye settings unazima hiyo. Nikazima.

Wale wenye haraka, somo liko hapa. Weka backup kabla ya kuhamisha chochote, na faili ya zamani usiifute hata kama mpya inaonekana sawa. Kitufe cha kurekebisha zote mara moja kiogope. Na ukikuta nafasi tupu kwenye kazi ya mtu makini, uliza kwanza walioishi naye. Mimi ni mwalimu na hilo la mwisho nimelijifunza nikiwa na mvi.

Jumamosi nikaenda Chaka na laptop. Nilimkuta Baba Mdogo kwenye boma akiwakata kondoo kwato. Alinisalimia vizuri, akaniwekea kiti, lakini viazi hakuvitaja. Nikajua hali ni mbaya.

Sikuanza kujitetea. Nilifungua laptop, nikamwekea kwenye magoti.

Akavaa miwani. Kidole kikaanza juu, kwa Ndirangu wa kwanza, kikashuka kwa Gichuki, kikapita Wangari, kikafika kwa Muthoni, kikafika kwake. Kikakaa hapo.

Kisha kikarudi kwa Gichuki.

"Hapa mbona hamna mwaka ya kufa? Mzee alikufa. Kaburi liko."

"Baba aliifuta," nikamwambia. "Ndugu yako. Mashini ilikataa wewe uwe mtoto wa mtu aliyekufa. Akasema afadhali mzee awe hai."

Hakujua, wakuu. Ndugu yake hakuwahi kumwambia. Baba Mdogo alitoa miwani akaishika mkononi, akageuza uso upande wa kondoo, na mabega yake yakawa yanatikisika. Sikujua nishike wapi, nikashika tu kile kisu cha kwato alichokuwa ameweka chini.

Baadaye sana akasema, "Huyo alikuwa mtu mgumu. Hata pole hakuwa anajua kusema."

Niliporudi nyumbani buti ya gari ilikuwa na gunia la viazi.

Desemba alikuja na watu wake wote, hadi tukaazima viti kwa majirani. Bango jipya lilikuwa ukutani, na pale kona ya chini hapakuwa na kisanduku. Alifungua kwa maombi, na alipofika kwa majina ya waliotangulia aliwataja wote, ila Gichuki hakumtaja. Mimi nilisikia. Sijui nani mwingine alisikia.

Tukiwa tunakula, msichana mmoja wa darasa la nne, mjukuu wa shangazi wa mume wangu, alikuwa anasoma bango kwa sauti. Huyu alizaliwa, huyu alikufa. Akasimama kwa Mzee Gichuki. Nilimwona, nikajua huyo atakuwa mwalimu.

"Guka," akamwita Baba Mdogo, yaani babu, "huyu hamjaandika alikufa lini. Mmesahau?"

Baba Mdogo aliweka sahani chini.

"Hatujasahau. Hiyo mtajaza siku nikienda mimi," akamwambia. "Saa hii bado niko na baba."

Wakuu, uwanja ni wenu. Kama kwenu pia kuna nafasi iliyoachwa tupu, tuambieni ni nani aliiacha, na kwa ajili ya nani.