Kwaya Baada ya Rap

Jumamosi saa sita mchana, kibanda cha kurekodi nyimbo kwenye kanda pale Kijenge kilijaa. Mama mmoja, aliyeongea kwa kunong'ona, alikuwa akisikiliza kukagua kanda aliyomrekodishia binti yake anayeolewa Mwanza. Ilianza rap mpya, ukafuata muziki wa dansi wa zamani.

"Mama, kumbe nawe unarapu?" kijana mmoja akamtania.

"Subiri, mwanangu."

Wimbo wa mwisho ulinakiliwa kutoka kanda ya zamani, pekee aliyokuwa nayo yenye wimbo huo. Ilikuwa imekatika, na fundi wa kibanda aliiunga kwa rangi ya kucha bila kuahidi kwamba itasikika. Mama akashika kovu shingoni. Ikaja kwaya ya Kimeru, ikiongozwa na sauti moja ya kike.

"Ni mimi," akanong'ona, "kabla ya operesheni."

Soko huria limetuletea nyimbo za dunia nzima, lakini huu hauuzwi popote. Vijana wawili wakaomba nao warekodiwe wimbo huo.