Jina Alilotupa Guru

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo bado naiona kama ya juzi. Nilikuwa nimejifungua binti yangu wa kwanza hapa hapa Mwanza, miaka ile biashara ya watu binafsi iliporuhusiwa na kila mtu akawa anafungua kitu. Baba yangu na baba mkwe wangu walifungua karakana pamoja kule Nyakato, wakiunda bodi za malori ya samaki. Walielewana sana wazee wale, mpaka mtoto alipozaliwa.

Baba mkwe alitaka aitwe Balwant, jina la marehemu mama yake. Baba yangu akataka aitwe Mohinder, jina la mama yake, aliyemlea peke yake. Maneno yakakua, wakanuniana. Wakawa wanafanya kazi chini ya paa moja huku mume wangu akipeleka ujumbe kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Mimi nilinyonyesha na kulia. Nani aniulize?

Siku moja mama mkwe akachoka. "Sisi tunaye Guru," akasema. "Twendeni kwake."

Ngoja nikueleze hapo, maana majirani walituita Kalasinga na wengi walijua vilemba vyetu tu. Guru ni mwalimu, na walimu wetu wakuu walikuwa kumi. Wa mwisho alisema baada yake hatakuja mtu mwingine. Tangu hapo Neno lililoandikwa ndilo Guru. Kwa hiyo Kitabu chetu hukikuti rafuni. Kinakaa kwenye kiti chake cha enzi, juu yake kitambaa cha heshima, na kuna mtu wa kukipepea. Usiku kinapumzishwa, alfajiri kinafunguliwa. Tunavua viatu, tunafunika vichwa, tunainama mpaka paji la uso liguse sakafu. Hatuinamii karatasi, mwanangu. Tunaliinamia Neno. Na humo mna nyimbo za watakatifu wa Kiislamu na wa Kihindu pia, kwa sababu Mungu ni mmoja.

Basi tukaenda hekaluni. Mama Kulwa, jirani yetu wa Pasiansi aliyekuwa akinikanda kwa maji ya moto, alikuja nasi, kajitanda kanga yake vizuri.

"Kweli kitabu kitasema?" akaninong'oneza.

"Kitasomwa, nasi tutasikia."

Tulisimama tukaomba. Kisha msomaji, mzee mwenye ndevu nyeupe, akakifungua Kitabu bila kuchagua mahali, akausoma wimbo uliokuwa juu ya ukurasa wa kushoto. Kwetu herufi ya kwanza ya wimbo huo ndiyo inayoanza jina la mtoto. Ikawa S.

Baba mkwe akakohoa. "Ndugu yangu, hebu fungua tena. Huenda kurasa zimeshikana."

Msomaji akamtazama kwa upole. "Mzee mwenzangu, umekuja kumsikiliza Guru, au umekuja kumwagiza?"

Niliona masikio ya baba mkwe yakiwa mekundu. Baba yangu ndiye aliyetangulia kuinama. Baba mkwe akapiga magoti kando yake, akainama naye. Walipoinuka, baba mkwe alikuwa akifuta macho. Akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyembeba. Tafuta jina."

Sikuwa nimejiandaa. Likanitoka lenyewe: "Simran." Maana yake ni kumkumbuka Mungu.

Msomaji akalitangaza, watu wakaitikia kwa pamoja. Mama Kulwa akapiga vigelegele mle mle ndani! Nikaogopa, lakini yule mzee alicheka. Tukapewa halua ya moto, kisha wote, tajiri na kibarua, tukakaa sakafuni kula chapati na dengu. Wale babu wawili waligombania kumpakata mjukuu, na kesho yake wakaenda Nyakato kwa gari moja.

Nawe mwanangu, utakapokuwa na nyumba yako, dini yoyote uifuatayo, usiliendee Neno takatifu ukiwa na jibu lako tayari mfukoni. Inama kwanza. Acha lisomwe mpaka mwisho, hata kama halisemi ulichotaka. Na ukishasikia, mkumbuke aliye kimya pale nyumbani, umpe nafasi aseme.

Mungu akujalie masikio matulivu na wazee wanaojua kupatana. Watoto wako wapate majina yatakayotamkwa kwa furaha.