Cheti cha Precious Marwa

Robhi wa marehemu mzee Heche hakusoma shule hata siku moja, lakini mwekee karatasi kumi mezani na atakuonyesha bila kukosea ipi ni cheti cha kuzaliwa, ipi barua ya mtendaji wa kijiji na ipi kiapo cha wakili. Kiapo anakijua kwa mhuri wake mwekundu. Barua ya mtendaji anaijua kwa sababu mhuri wake siku zote umefifia, kama vile serikali ya kijiji haina wino. Elimu hiyo ameipata ndani ya mwaka mmoja, akiwa na miaka sabini na mbili, na ada aliyoilipa simtakii mtu yeyote.

Boma lake liko mlimani juu ya Tarime, migomba nyuma, zizi mbele. Hapo aliletwa akiwa msichana, hapo akamzalia Heche mabinti wawili. Kisha, mwaka wa vita ya Kagera, Heche akiwa jeshini, mimba ya tatu ikatoka ikiwa ya miezi saba. Alikuwa mtoto wa kiume. Alizaliwa alfajiri, akalia mara mbili, na ng'ombe waliporudi jioni alikuwa ameshazikwa nyuma ya nyumba. Wanawake waliomsaidia walimwambia mtoto wa namna ile hapewi jina. Walichelewa. Robhi alikuwa ameshamwita Marwa, na baada ya hapo tumbo lake halikushika tena.

Kwa Wakurya nyumba haifi kwa sababu tumbo limefunga. Mama asiye na mtoto wa kiume huchukua ng'ombe walioletwa kwa ajili ya mabinti zake, akaoa mkamwana, mke wa mwana ambaye hayupo, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ile. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa, na anayetaka kucheka acheke, lakini yako maboma mengi milimani huku ambayo leo yangekuwa vichaka bila desturi hiyo. Wengi huoa kwa jina la mwana ambaye hakuzaliwa kabisa. Robhi hakuwa na haja ya kubuni.

Heche alikuwa ameshafariki miaka kumi Agustina alipoletwa kutoka Kisaka, binti wa miaka kumi na tisa, mpole, aliyemaliza darasa la saba na mwandiko mzuri. Robhi alimketisha jikoni akamwambia mume wake ni Marwa. Agustina aliitikia. Mwanaume aliyekuja kumzalisha alijulikana, alikula, aliondoka zake, na hakuwa na neno juu ya mtoto, kama inavyotakiwa. Miaka minne ilipita kabla mtoto hajapatikana, naye akawa ndiye wa kwanza na wa mwisho. Wakamwita Precious.

Kliniki, muuguzi alipouliza jina la baba, Robhi alijibu kabla Agustina hajafungua kinywa: Marwa Heche. Likaandikwa kwenye kadi, na kutoka kwenye kadi likaingia kwenye cheti cha kuzaliwa. Cheti kilipofika nyumbani, Robhi aliuliza jina la mwanawe liko mstari gani. Alipoonyeshwa, akaliwekea kidole, akakaa hivyo mpaka uji ukafurika jikoni. Miaka thelathini na mitatu alikuwa analijua yeye peke yake. Sasa serikali nayo ilikuwa inalijua.

Precious alikua mwembamba na mwenye maneno mengi. Akiwa darasa la pili alianza kupumzika njiani kwenda shule, mara moja, mara mbili, mara nne. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi kila akipanda mlima. Waganga wa mitishamba walisema yao, zahanati ikasema malaria, na alikuwa na miaka kumi na moja wakati hospitali kubwa ya Mwanza ilipompiga picha ya moyo na kuona tundu ambalo lilipaswa kuzibwa zamani. Walikuwepo madaktari wa Ulaya waliokuwa wakichukua watoto wachache kila safari na kuwafanyia upasuaji kwao bila malipo. Jina la Precious likaingia kwenye orodha ya mwezi wa nne. Robhi alimshukuru Mungu kwa Kikurya na kwa Kiswahili, asije akawa anasikia kimoja.

Muuguzi Winfrida, aliyekuwa akisimamia safari hizo, aliwaeleza mambo ya viza taratibu kama mtu anayemlisha mgonjwa. Mtoto apate pasipoti, na mama yake anayemsindikiza apate yake. Picha ziwe na mandhari nyeupe, masikio yaonekane. Cheti cha kuzaliwa kitafsiriwe. Na kwa kuwa mtoto hajafikisha miaka kumi na minane, wazazi wote wawili waandike kwamba wameridhia asafiri. Kama mmoja amefariki, iletwe karatasi ya kuonyesha hivyo. Agustina aliandika yote kwenye daftari la hesabu la Precious.

Wakateremka Tarime siku ya gulio. Precious alikuwa amechoka, Agustina akabaki naye kwenye benchi la nje kumpepea kwa kanga, Robhi akaingia peke yake steshenari kwa Vicent, bwana wa makamo aliyekuwa akichapa viapo vya watu na kuvipeleka kwa wakili wa ghorofani kugongwa mhuri. Watu sita walikuwa nyuma yake kwenye foleni. Vicent aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Baba wa mtoto yupo?"

"Alifariki."

"Mwaka gani?"

"Sabini na tisa. Mwaka wa vita."

Vicent akachapa. Wakili akagonga mhuri. Robhi akabonyeza dole gumba, akatoka nje na karatasi yake akiwa mwepesi moyoni, kwa sababu hakudanganya hata neno. Alikuwa na mwana, mwana alikufa, na mwaka aliutaja mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza habari za kifo cha Marwa tangu kilipotokea, na kusema kweli iko furaha fulani aliyoipata pale steshenari ambayo baadaye alikuja kuionea haya.

Karatasi zikaenda Mwanza, zikaenda Dar es Salaam. Wiki ya tatu Winfrida akapiga simu, na Agustina akaweka sauti kubwa ili mama mkwe asikie. Viza ilikuwa imekataliwa. Cheti kilisema mtoto amezaliwa mwaka 2012, kiapo kilisema baba yake amekufa mwaka 1979, na ubalozi ulikuwa umeandika kwamba hauwezi kuziamini nyaraka hizo. Waliruhusiwa kuomba upya. Lakini watoto wenzake walikuwa wanaondoka baada ya siku tisa, na kundi jingine lingekuwa la mwezi wa tisa.

Robhi alidhani hajaelewa. Aliomba arudiwe. Alipoelewa alikwenda kukaa kwenye jiwe la kunolea mapanga kando ya zizi, na Agustina akamfuata, akapiga magoti kama siku ya kwanza aliyoletwa pale.

"Mama, mimi nilikisoma kile kiapo. Kwenye basi la Mwanza nilikisoma."

"Ukaona?"

"Niliuona mwaka. Ningesema nini, mama? Ningesema huo si mwaka wake, ungeniuliza wake ni upi. Mimi nimeolewa na nani katika boma hili?"

Miaka kumi na mitano mkamwana huyu hakumsahihisha hata chumvi ya mboga, na yeye Robhi alijisifu kwa wanawake wenzake kanisani kwamba amepata binti mwenye adabu. Adabu ile ile ndiyo ilikuwa imemfunga kinywa ndani ya basi. Kumlaumu hakuweza. Alimshika kichwa wakalia wote wawili mchana kweupe, na ndama wakiwaangalia.

Safari hii Winfrida aliwaelekeza moja kwa moja kwa wakili mwingine, mwanamke kijana mwenye ofisi karibu na mahakama. Alisikiliza habari yote bila kucheka wala kushangaa. Bibi yake mwenyewe, alisema, alioa hivyo hivyo. Kisha akaeleza kinachowezekana. Jina la baba liondolewe kwenye cheti, Agustina abaki mzazi pekee, naye ndiye atatoa ridhaa. Lakini kwa kuwa Robhi ndiye aliyelitaja jina lile tangu kliniki, Robhi ndiye aape kwamba Marwa Heche si baba wa mtoto huyu na hakuwahi kuwa mume wa mtu.

Robhi aliuliza kama haiwezi kuandikwa tu kwamba Marwa alizaliwa, akafa, na mtoto ni wake. Wakili alisema sheria haina nafasi ya maneno hayo. Robhi akauliza kama basi inaweza kuandikwa kwamba alilia mara mbili. Wakili aliweka kalamu chini, akarudia taratibu kwamba haiwezekani.

Wakamsomea. Walipofika penye "hakuwahi kuwa mume wa mtu" Robhi alitikisa kichwa kukubali, dole gumba likashuka, na wino ukabaki ukuchani kwake siku nne. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema wenye maneno. Mimi nawauliza kama wamewahi kumkana mmoja ili kumwokoa mwingine. Kwa wiki nyingi baada ya hapo alikuwa akizunguka kwa upande wa zizi kwenda shambani, ili asipite nyuma ya nyumba.

Cheti kipya kilitoka mwezi wa saba. Pale palipokuwa na Marwa Heche palikuwa na kistari. Mtoto mwenyewe alikuwa ameitwa Precious Marwa tangu chekechea. Sasa aliandikwa Precious Agustina. Karani aliwaambia wakiangalie vizuri kabla hawajaondoka, maana cheti kikisharekebishwa hivyo hakirekebishwi tena. Agustina alikiangalia. Precious alikiangalia pia, akasoma jina lake kwa sauti, akauliza kama hilo ndilo la Ulaya. Wakamwambia ndiyo, ni la safari.

Ikabidi pasipoti ifanywe upya, na picha zipigwe upya. Mpiga picha aliziweka za zamani na mpya pamoja, akasema huyu mtoto amenenepa. Hakuwa amenenepa. Uso ulikuwa umevimba, na vidole vyake vilikuwa vimetuna kwenye ncha. Precious hakuwa anakwenda shule tena. Walimu walimletea kazi nyumbani, naye akazifanya akiwa ameegemea mto, akimfundisha bibi yake kuitambua herufi ya R.

Viza zilitoka mwanzoni mwa mwezi wa tisa, mbili, ya mama na ya mtoto. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Majirani walikuja kuishika ile pasipoti, mabinti wa Robhi walileta sweta na soksi, mchungaji akaja kuombea safari. Robhi aliwaambia wote kwamba karatasi zimekamilika, na alilipenda neno hilo, akalirudia kwa kila aliyeingia.

Wakashuka Mwanza wote watatu kwa vipimo vya mwisho, kwa sababu Robhi alitaka kuwasindikiza mpaka pale. Daktari alimpima Precious asubuhi nzima, akamrudisha kwenye mashine mara ya pili, kisha akaomba mtoto atoke nje na Winfrida. Alieleza kwamba damu imepita vibaya kwa muda mrefu na presha ya mapafu imepanda mno. Tundu sasa lisingezibwa. Kuliziba kungemuua kwenye meza ya upasuaji. Wangempa dawa za kumpunguzia shida.

Robhi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini.

"Na mwezi wa nne, daktari?"

Yule daktari hakuwa anajua habari ya kiapo. Alifungua faili, akaangalia vipimo vya wakati ule, akajibu kwa uaminifu kama walivyo watu wa kazi yake.

"Mwezi wa nne ningemwachia aende, bibi."

Robhi alishukuru. Alisimama, akatafuta mlango upande usio na mlango, mpaka Agustina akamshika mkono.

Walipumzika ukumbini kusubiri dawa. Precious alikuwa amevaa sweta, ingawa jua la Mwanza lilikuwa kali, kwa sababu alikuwa amelipenda. Alikuwa na akili, hakuhitaji kuambiwa mengi. Alihamia kwenye mapaja ya bibi yake kama mtoto mdogo, na ilimchukua muda kupata pumzi ya kusemea.

"Bibi, kwa hiyo siendi."

"Huendi, mama."

"Basi waniandikie tena Marwa."

Agustina aligeuza uso ukutani. Robhi akamfunga mtoto vifungo vya sweta, kimoja kimoja, akamwambia ndiyo, Jumatatu watakwenda ofisini asubuhi na mapema, wawe wa kwanza kwenye foleni.

"Usisahau," alisema Precious.

Robhi alisema hatasahau.