Mama Viraka na Robo ya Pili

Kuna watu huiba kuku, kuna watu huiba ng'ombe, na kuna ndugu wa kiume huiba darasa la dada zao na hakuna anayewaita wezi. Mama Viraka aliibiwa darasa la tano. Alikuwa amemaliza la nne, baba yao akasema uwezo wa kusomesha wawili hana, na msichana hata hivyo ataolewa. Akatolewa yeye, akabaki mdogo wake. Tangu siku hiyo mdogo mtu akaitwa Msomi, na dada mtu akakaa barazani nyuma ya cherehani, akitia viraka suruali za watu hadi viraka vikawa jina lake. Viraka hivyo ndivyo vilivyomvisha Msomi viatu vya shule, na mwishowe tai ya kwendea kazini. Asante yake Mama Viraka aliipata siku Msomi alipooa: aliwekwa jikoni, wageni wa ofisini wasimwone.

Mume naye alikuja, akaona mke anasoma kwa kufuata herufi na kidole, akaenda zake kutafuta anayesoma kwa macho. Tuyaache hayo.

Umri ulipovuka arobaini, watoto wake wakiwa wameshika maisha yao, Mama Viraka alikwenda madarasa ya jioni, kidole kikaacha kufuata herufi. Kisha akasikia kwamba chuo cha ushonaji kinapokea mafundi wasio na vyeti. Akavaa gauni lake la heshima, akaenda. Karani wa dirishani akachungulia nyuma yake, kulia na kushoto.

"Mama, umemleta binti?"

"Binti yangu yuko kazini. Nimejileta mwenyewe."

Sasa, chuo hicho zamani kilikwenda kwa mihula miwili mirefu kwa mwaka, kama vyuo vingi. Baadaye wakubwa wake waliukata mwaka mapande manne, na kila pande wakaliita robo. Kwenye muhula, mwanafunzi alibeba masomo sita kwa pamoja, lakini alikuwa na miezi ya kuyatafuna. Kwenye robo anabeba matatu tu, ila kwa wiki kumi, na kabla hajafuta jasho mtihani umepita, alama zimebandikwa, na robo nyingine inapiga hodi. Mama Viraka hakujua kama tofauti hiyo ina uzito wowote. Akafanya ambalo mtu yeyote angefanya: akamwuliza aliyesoma.

Msomi alikuwa amekaa barazani kwa dada yake, miguu juu ya kigoda cha wateja.

"Dada, usijitese. Mwezi wa kwanza chuoni ni wa kujua choo kiko wapi. Mwezi wa pili unanusanusa daftari. Mtihani uko mwisho kabisa, huko ndiko watu hukaza mkanda. Mimi nilikwenda hivyo hivyo mpaka nikamaliza, na si unaniona?"

Alimwona. Akamwamini pia, maana mtu huamini bidhaa aliyoigharamia mwenyewe.

Basi wiki za mwanzo alikwenda darasani, akakaa, akasikiliza, akarudi nyumbani kushona sare za wateja. Wiki ya tatu mwalimu wa ukataji akagawa jaribio. Mama Viraka akaliona ni mazoezi tu, akaandika alichokumbuka, akatoka akitabasamu. Kumbe jaribio lile lilikuwa na alama zake. La wiki ya tano nalo hivyo hivyo. Alipokuja kukaza mkanda, suruali ilikuwa imeshadondoka: wiki mbili zimebaki, pateni za kukatia magauni matatu hazijachorwa, hesabu za vipimo hajui zinaanzia wapi. Alikesha, akachoma vidole kwa sindano, akaingia mtihanini macho yamevimba. Wastani wa robo ukatoka D.

Na D hiyo haikuja peke yake. Sheria ya chuo ilikuwa kwamba baada ya robo mbili wastani wako usipofika C, unaaga. Maana yake robo ya pili alipaswa kupata B au zaidi, la sivyo arudi barazani.

Msomi alizipata habari kabla chozi halijakauka. Alikuja na mikate miwili na sura ya msibani.

"Dada, kichwa nacho kina majira yake. Si kosa lako."

"Uliniambia mtihani uko mwisho."

"Niliposoma mimi ulikuwa mwisho! Sasa hawa wa kwenu wana wazimu wao." Akasafisha koo. "Lakini Mungu hafungi mlango. Wifi yako, mama watoto, ameanza kazi. Watoto hawana mtu. Njoo ukae kwetu, ule, ulale, uwaangalie. Chuo cha nini kwa umri huu?"

Hapo ndipo Mama Viraka alipoelewa mikate ile ilikuwa ya nini. Darasa la tano lilikuwa halijamtosha Msomi, sasa alitaka na chuo. Aliichukua mikate, maana mikate haina kosa, akamfungulia mlango wa kutokea.

Asubuhi yake alimfuata mwalimu wa ukataji, mwanamke mfupi aliyetembea na futi shingoni kama daktari na kipimo chake.

"Mwalimu, nifukuze leo au nifundishe namna ya kusoma hapa."

"Nani alikufundisha kusoma hivyo unavyosoma?"

"Mdogo wangu. Alisoma chuo."

"Cha mihula miwili?"

"Nadhani."

Mwalimu akacheka hadi futi ikamdondoka. "Mama, huyo kakupa ramani ya mji mwingine! Kwenye muhula, ukijikwaa mwezi wa kwanza, una miezi mitatu ya kupangusa magoti. Hapa ukijikwaa wiki ya kwanza, wa nyuma wanakukanyaga. Hapa hakuna mwanzo wa kupumzika. Unaingia umeshawasha moto."

"Basi nimekwisha."

"Nani kasema? Hiyo D ingekuwa ya muhula, ingekuwa nusu ya mwaka wako, na ya masomo sita. Hii ni robo. Umeharibu mkono mmoja wa shati, mama, shati lenyewe bado zima. Fumua, ushone tena."

Maneno hayo yaliingia. Siku ile ile Mama Viraka aliwaambia wateja wake kwamba magauni ya harusi wampe fundi mwingine. Yeye angechukua vifungo na zipu tu. Wengine walinuna. Mmoja alimwambia, "Umeanza kuringa, Mama Viraka." Akajibu, "Nimechelewa kuanza."

Robo ya pili ilipofunguliwa, mwalimu hajamaliza kuandika tarehe ubaoni, Mama Viraka alikuwa ameshachonga penseli. Masomo yalikuwa matatu: ukataji wa koti lenye bitana, elimu ya vitambaa, na hesabu. Aligundua jambo ambalo Msomi asingeweza kumwambia: kichwa chake kilichokaa miaka bila shule kisingebeba mambo sita, lakini matatu kilibeba, tena vizuri, kwa sababu kila siku alikutana nayo yale yale na hayakupata nafasi ya kumtoroka. Alilolisikia asubuhi alilichora jioni. Bandu bandu huisha gogo. Jaribio la wiki ya tatu lilimkuta amesimama.

Jirani yake darasani alikuwa msichana waliyemwita Kipepeo, aliyehamia kutoka chuo cha mihula. Huyo alikuwa bado kwenye kunusanusa.

"Bibi, unakimbia nini? Koti ni la wiki ya kumi."

"Kimbia nawe, mjukuu wangu. Wiki ya kumi hapa ni kesho kutwa."

Koti lake Mama Viraka lilikuwa limeunganishwa wiki ya tano. Mwalimu akalivuta begani, akaona mkono umekaa kwa kinyongo, akaufumua wote mbele ya darasa. Watu wakasema duh. Mama Viraka akauokota ule mkono, akaurudia, na ukaharibika tena, akaurudia mara nyingine mpaka bega likakaa kama limemwagwa. Muda alikuwa nao, ameuweka akiba mwenyewe. Matundu ya vifungo alishona kwa mkono, kwa sababu mashine ya matundu ilikuwa moja chuo kizima. Wiki ya tisa ilipofika, darasa zima lilipanga foleni kwenye mashine hiyo, wakisukumana na kutukanana, Kipepeo akilia kwamba zamu yake imerukwa. Mama Viraka alikuwa pembeni, anapiga pasi bitana.

Ndipo Msomi alipokuja na pigo lake. Asubuhi ya mtihani wa ukataji, Mama Viraka alifungua mlango akakuta watoto watatu wa Msomi wamekaa barazani na mifuko yao, na mtu mzima hayupo.

"Baba amesema tukae na shangazi siku mbili tu," mkubwa akasema. "Amesema wewe huna kazi."

Mama Viraka alitazama koti lake lililotundikwa mlangoni. Miaka yote aliyowahi kusema "haya, sawa" ilimpanda kooni, na safari hii hakuimeza. Aliwanywesha watoto chai, akakunja koti, akawashika mikono. Hawakwenda mbali. Ofisi ya Msomi ilikuwa njiani kuelekea chuoni, ghorofa ya pili, mlango wa kioo. Aliingia bila kubisha. Makarani wote wakainua vichwa.

"Dada!" Msomi akasimama, uso umebadilika rangi. "Niko kazini!"

"Na mimi niko chuoni. Nina mtihani asubuhi hii."

"Si unaweza kuufanya wiki ijayo?"

"Wiki ijayo ni robo nyingine. Wanao hao, wameshakunywa chai."

Bosi wake, mzee mwenye miwani, aliuliza mama huyu ni nani. Msomi akainama kupanga karatasi zake. Mama Viraka akajibu kwa niaba yake.

"Mimi ni dada yake mkubwa. Ndiye niliyemsomesha."

Mtoto mdogo akapanda kiti cha baba yake na kuanza kukizungusha. Mama Viraka alishuka ngazi, na kwa mara ya kwanza maishani hakuona haya kwamba viatu vyake vinapiga kelele.

Alimaliza mtihani kabla ya kengele. Alama zilipobandikwa, watu walijazana ubaoni, yeye akangoja wapungue. Ukataji, A. Vitambaa, B. Hesabu, B, hesabu ile ile iliyomliza. Mwalimu alimpita na futi yake shingoni.

"Unaonaje, mama? Unatuaga?"

"Niwaage niende wapi? Ndiyo kwanza nimefika."

Kipepeo aliyepata D akamshika mkono, akamwomba robo ya tatu wakae dawati moja.

Jioni simu ililia. Msomi. Sauti ilikuwa imepakwa mafuta.

"Dada, hongera! Si nilisema utaweza? Damu ni damu. Sasa, likizo yenu ndefu hii, nilikuwa nafikiri watoto..."

"Chuo cha robo hakina likizo ndefu. Ni siku chache tu. Wewe msomi mzima hukuambiwa?"

"Dada, yale ya ofisini uliniaibisha."

"Ndiyo," akasema. "Nilijua."

Akamwacha na simu yake, akatandaza kitambaa cha robo ya tatu mezani, akachukua chaki.